Majibu kwa Wasomaji: Amplifaya za Kale na Vinanda vya Umeme kutoka Uingereza

Barua nne za toleo hili zinahusu vyombo vya muziki vya umeme vilivyotengenezwa Uingereza, au kwa jina la Uingereza, na ambavyo vimebaki hapa Uganda. Tumezifupisha barua zenyewe, lakini maswali hatukuyagusa.

Ndugu Mhariri, mimi ni mstaafu wa bendi ya polisi na ninaishi Jinja. Nina amplifaya ya gitaa iliyoandikwa VOX, ambayo niliinunua kwa mpiga gitaa mwenzangu alipoacha muziki. Kibao cha nyuma chenye namba kiling'olewa kabla haijafika mikononi mwangu. Ndani kuna valvu za kioo na spika mbili. Mjukuu wangu amempata fundi aliye tayari kubadilisha vipande vyote vya zamani ili chombo kipate kulia tena. Kabla sijakubali, ningependa kujua kilitengenezwa mwaka gani, na historia yake niiandikeje.
*Mzee mstaafu, Jinja*

Mzee wetu, pokea salamu zetu za heshima. Ombi langu la kwanza ni kwamba fundi asubiri, wala si kwa kuwa namdharau, bali kwa sababu vipande anavyotaka kuving'oa ndivyo vitakavyokujibu swali lako. Kupotea kwa kibao ni hasara, lakini amplifaya ya aina hii imejaa tarehe ndani yake, na tarehe hizo ziliandikwa na viwanda mbalimbali ambavyo havikuwa na sababu ya kupatana katika uongo.

Kwa maelezo yako, inaelekea una AC30, yaani amplifaya ya Vox ya wati 30, ingawa jina hilo tusilithibitishe kabla ya kuhesabu valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti. Ilitengenezwa na Jennings Musical Industries, kampuni ya Tom Jennings iliyokuwa Dartford katika jimbo la Kent, na aliyebuni saketi yake ni Dick Denney. AC15, yenye wati 15, ilitoka mwaka 1958. AC30 ikafuata mwaka 1959, kwa kuwa wapiga gitaa walikuwa wakipiga katika kumbi kubwa zaidi, mbele ya watu wenye kelele zaidi, na wati 15 hazikuwatosha tena. AC30 ya kawaida ina valvu nne za EL84 za kusukuma spika, valvu moja ya GZ34 inayogeuza umeme wa transfoma uwe wa mkondo mmoja, na valvu ndogo za ECC83 zinazoipokea sauti ya gitaa mwanzoni. Spika zake mbili ni za inchi 12, na mara nyingi ni za Celestion. Zile za mwanzo kabisa zilikuwa na matundu manne ya kuchomeka gitaa. Baadaye yakawa sita. Anza kwa kuyahesabu matundu hayo, kwa kuwa kazi hiyo haihitaji hata bisibisi.

Kabla ya kufungua chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba saketi, kuna jambo la uhai. Msiichomeke kwenye umeme ili kuona kama inawaka. Kapasita kubwa, yaani vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, zilizolala miaka mingi zinaweza kupasuka zikipewa umeme wote kwa ghafla, na zile zilizo nzima zinaweza kuhifadhi voliti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi azitoe umeme kupitia rizista (kipande kinachozuia umeme usipite kwa kasi) ya kilo-omu 10 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi, iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini wa mpira, kisha apime kwa mita, asubiri dakika chache na apime tena, kwa maana kapasita kuukuu huweza kurudisha umeme kidogo kidogo. Siku ya kuiwasha ikifika, aiunganishe kwa mfuatano na balbu ya zamani ya wati 100, ile yenye uzi ndani: balbu iking'aa kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, na azime mara moja. Atazame pia kiteuzi cha voliti kilicho nyuma, ambacho kwa umeme wetu lazima kiwe kwenye alama ya 240 au ya karibu yake, na ahakikishe waya wa ardhi umefungwa imara kwenye chasisi. Tena isiwashwe kamwe spika zikiwa hazijaunganishwa, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti yaweza kuungua.

Sasa tarehe. Kanuni moja inatosha kukuongoza: chombo hakiwezi kuwa cha zamani kuliko kipande chake cha asili kilichotengenezwa mwisho. Neno zito hapo ni “cha asili”, na ndiyo maana vipande havina uzito sawa katika ushahidi. Transfoma na kapasita ambazo risasi yake ya kulehemu haijaguswa tangu kiwandani ni mashahidi wa kwanza. Spika zinafuata, kwa kuwa hufunguliwa kwa skrubu na hubadilishwa zikipasuka. Valvu ni mashahidi dhaifu zaidi, kwa sababu zilitengenezwa zibadilishwe kama balbu. Hata hivyo zisome. Valvu za Mullard zina maandishi madogo ya kijivu chini ya kioo, na mstari wake wa pili hutaja kiwanda, mwaka, mwezi na wiki. Ukikuta B4K2, B ni kiwanda cha Blackburn, 4 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, K ni mwezi wa kumi na moja na 2 ni wiki ya pili. Tarakimu moja haikuambii kama ni 1964 au 1974, na hapo ndipo shahidi mmoja anapohitaji mwenzake. Spika za Celestion nazo zina herufi na tarakimu zilizogongwa kwenye fremu, zinazotaja siku, mwezi na mwaka. Herufi za mwaka zilirudiwa baada ya kwisha, kwa hiyo nazo huweza kutoa majibu mawili. Kama lebo ya spika bado ipo, soma anwani: Thames Ditton ni ya zamani kuliko Ipswich.

Jina la kampuni nalo lina mipaka yake. Royston Group iliingia katika kampuni ya Jennings mwaka 1964, Tom Jennings mwenyewe akaondoka mwaka 1967, na kuanzia mwaka 1968 jina la Vox likawa chini ya kampuni mpya, Vox Sound Equipment Limited, iliyokuwa Erith. Kipande chochote, hata karatasi iliyobandikwa ndani ya sanduku, chenye jina la Jennings au la Vox Sound kinakupa ukingo wa upande mmoja au wa pili.

Rangi za waya zina faida maradufu, kwa tarehe na kwa usalama. Kanuni za Uingereza za mwaka 1969 zilibadilisha rangi za nyaya za vifaa vya umeme. Zamani waya wa moto ulikuwa mwekundu, wa nyutro mweusi, na wa ardhi kijani kitupu. Tangu hapo wa moto ni wa kahawia, wa nyutro ni buluu, na wa ardhi una kijani na manjano. Waya wa nje unaofika kwenye plagi huenda umebadilishwa mara nyingi, kwa hiyo usiutegemee kwa tarehe. Lakini fundi kijana aliyezoea rangi mpya asikisie kamwe akikutana na zile za zamani.

Kuhusu kuandika historia yake, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pateni daftari la jalada gumu. Piga picha kila upande kabla ya kufungua, kisha kila sehemu ya chasisi, rula ikiwa kando ili ukubwa uonekane. Maandishi yaliyofifia myamulike kwa tochi kutoka ubavuni, si kutoka mbele, na mara nyingi yatasomeka. Kila kipande kiandikwe mahali kilipo, thamani yake, alama za mtengenezaji, na hali ya risasi yake. Kitakachobadilishwa kiwekwe katika bahasha yenye jina na tarehe, kisitupwe, hata kama kimekufa.

Nisisitize hapa, kwa kuwa ni jambo ninalolijali kuliko mengine yote katika barua yako. Ukikuta transfoma iliyosukwa upya na fundi wa Katwe, Kampala, au kapasita ya redio iliyotiwa pale kwa sababu ya asili haikupatikana, usiiandike kama uharibifu. Wakusanyaji wa Ulaya huandika vipande hivyo kwa neno moja tu, kwamba si vya asili, kisha wakapita. Kwetu sisi kipande hicho kinaeleza jinsi chombo kilivyoendelea kufanya kazi katika miaka ambayo spea hazikuingia nchini, na ni nani aliyekuwa na ujuzi wa kukiokoa. Kiandikwe kwa uangalifu uleule unaopewa transfoma ya Uingereza, na kama fundi yu hai, aulizwe.

Mwisho, andika maelezo yako mwenyewe: ulinunua kwa nani, wapi, kwa fedha gani, na mwenzako aliipata wapi. Kama alilipa kwa shilingi ya Afrika Mashariki, ununuzi ulifanyika kabla shilingi ya Uganda haijachukua nafasi yake, yaani karibu na mwaka 1966 au kabla. Tenganisha kurasa za ulichokiona, ulichoambiwa na unachokisia, ili atakayesoma baadaye ajue ashike lipi kwa nguvu na lipi kwa tahadhari. Baada ya hayo, fundi aendelee na kazi yake, na abadilishe kile tu ambacho mita imethibitisha kuwa kibovu.

Mpendwa Mhariri, kanisani kwetu tuna kinanda cha umeme chenye vitufe vilivyogeuzwa rangi: vikubwa ni vyeusi, na vidogo vya juu ni vyeupe. Sauti ya “fa” haitoki popote, chini wala juu, lakini nyingine zote zinalia. Wengine wanasema ni cha Uingereza, wengine wanasema ni cha Italia. Je, ni kipi, na kinaweza kutengenezwa?
*Mwalimu wa kwaya, Mbale*

Mwalimu, inawezekana wote wawili wanasema kweli. Maelezo yako yanafanana na Vox Continental, kinanda cha transista ambacho kampuni ileile ya Jennings ilikitoa mwaka 1962 ili bendi ziwe na kinanda kinachobebeka garini. Alan Price wa kundi la The Animals alikitumia katika wimbo wao uliovuma sana mwaka 1964, na tangu hapo sauti yake nyembamba na kali ikajulikana duniani. Vilianza kutengenezwa Uingereza, kisha vingine vikatengenezwa Italia na Marekani kwa jina lilelile. Vitufe vitakupa dalili nzuri: vile vya Uingereza vya mwanzo vina vitufe vya mbao vilivyofunikwa juu, na vya Italia vina vitufe vya plastiki. Inua kifuniko utazame kitufe kimoja kwa ubavu. Tazama pia lebo ya chini na maandishi ya kwenye bodi za saketi, kwa kuwa jina la mbele peke yake halithibitishi kiwanda.

Kuhusu “fa” yako, umeeleza hitilafu kwa usahihi unaorahisisha kazi. Ndani mna kadi 12, yaani bodi ndogo za saketi, moja kwa kila sauti ya oktava. Kila kadi ina kiini kinachotoa sauti ya juu kabisa, kisha saketi zinazoigawa kwa mbili, tena kwa mbili, na kila mgawanyo huishusha sauti oktava moja. Kama “fa” ingekosekana mahali pamoja tu, tungetazama mguso wa kitufe hicho. Kama ingekosekana kuanzia oktava fulani kwenda chini, tungetazama mgawanyo uliokatika hapo. Kwa kuwa imekosekana kote, fundi aanzie kwenye kiini cha kadi ya “fa”, au kwenye waya unaoipelekea umeme. Apige picha ya kadi kabla ya kuigusa, na aandike namba za transista zake. Zile za mwanzo ni za jamanio (germanium), ambazo haziwezi kubadilishwa ovyo na za silikoni za leo, na ambazo huharibika upesi zikipashwa moto mwingi na chuma cha kulehemu. Migusano ya vitufe isisuguliwe kwa msasa. Itumike dawa ya kusafishia migusano na kitambaa laini. Na kwa sababu sanduku ni la mbao, mkague mchwa chini yake kabla ya kulirudisha ukumbini.

Niongeze jambo moja kwa makanisa mengine yenye vinanda vizito zaidi. Ukifungua ukakuta mota na visahani vinavyozunguka, hicho si Continental. Huenda ni Hammond ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, ambamo magurudumu ya chuma yenye meno huzunguka mbele ya sumaku zilizozungushiwa waya. Au huenda ni Electrone ya kampuni ya John Compton ya Acton, London, iliyobuniwa na Leslie Bourn. Katika Electrone mawimbi ya sauti yamechorwa kwenye visahani, na sauti hupatikana kwa chaji ya umeme tulivu kati ya mchoro huo na kisahani kinachozunguka mbele yake, pasipo sumaku. Vinanda vya Compton ni sehemu adimu na nzuri ya uhandisi wa Uingereza, na ningefurahi sana kusikia kwamba kimoja kipo hapa nchini. Anayekijua atuandikie kabla mtu hajakiuza kama vyuma chakavu.

Mhariri, kwenye kitambaa cha mbele cha amplifaya ya marehemu baba kuna jina la bendi lililochorwa kwa rangi ya mafuta. Mnunuzi anataka nilifute kwanza. Nifanyeje?
*Msomaji, Masaka*

Dada, usilifute. Kitambaa kipya hununuliwa. Jina hilo halinunuliki. Lipige picha, muulize yeyote aliyepiga au kucheza na bendi hiyo, na mwambie mnunuzi kwamba jina ni sehemu ya anachokinunua. Kama hataki, atafute chombo kingine.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Kampala. Nataka kuandika tasnifu juu ya amplifaya za Uingereza zilizotumiwa na bendi za Uganda miaka ya 1960 na 1970. Nyaraka nizitafute wapi, na nijihadhari na nini?
*Mwanafunzi, Wandegeya*

Mada yako ni nzuri, na imekawia kupata mwandishi. Anza karibu. Gazeti la Uganda Argus lilianza mwaka 1955, na kurasa zake za matangazo zinastahili kusomwa polepole kuliko kurasa zake za habari, kwa kuwa huko ndiko utakakotafuta majina ya maduka, bei, na ngoma za wikendi. Magazeti ya zamani utayaulizia maktaba kuu ya Makerere. Maktaba ya Uganda Society, iliyo ndani ya Jumba la Makumbusho la Uganda huko Kamwokya, ina vitabu na majarida ya miaka hiyo, na nyaraka za serikali zipo katika hifadhi ya taifa hapohapo Wandegeya unapoishi. Hifadhi ya sauti ya Makerere yenye jina la Klaus Wachsmann ina rekodi za ngoma za asili hasa, lakini wahifadhi wake watakufundisha namna ya kuandika maelezo ya rekodi, ujuzi ambao utauhitaji.

Usitarajie kupata daftari za maduka. Maduka mengi ya redio na vyombo vya umeme yalikuwa ya Waasia, na walipofukuzwa mwaka 1972 waliondoka bila makaratasi yao. Kwa hiyo kibandiko kidogo cha duka kilichobaki nyuma ya amplifaya kina thamani kuliko kinavyoonekana, na kila utakachokikuta kipigwe picha. Familia za wenye maduka hayo, popote zilipo sasa, huenda zina picha na risiti; ziandikie kwa adabu, na usianze kwa kuomba.

Kwa upande wa Uingereza, hataza, yaani hati za haki za uvumbuzi, unaweza kuzitafuta bila malipo kwenye tovuti ya Espacenet, na matangazo ya kufilisika kwa kampuni yamo katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali, ambalo nalo linasomeka kwenye intaneti. Katalogi na orodha za bei mara nyingi hazina mwaka, lakini hujitaja zenyewe. Bei iliyo kwa gini (kipimo cha zamani cha shilingi 21 za Uingereza), au kwa pauni, shilingi na penzi za zamani, ni ya kabla ya tarehe 15 Februari 1971, siku ambayo Uingereza ilihamia hesabu ya kumi. Ikitaja kodi ya manunuzi, ni ya kabla ya tarehe 1 Aprili 1973, ilipoingia kodi ya ongezeko la thamani. Namba ya simu ya London inayoanza kwa jina la kituo badala ya tarakimu hukurudisha nyuma zaidi, kwa jumla hadi kabla ya miaka ya mwisho ya 1960.

La kujihadhari nalo ni jina la mbele. Amplifaya za kwanza za Orange, kampuni ya Cliff Cooper iliyoanza London mwaka 1968, zilitengenezwa na Mat Mathias huko Huddersfield. Saketi nayo inaweza kukupoteza: JTM45, amplifaya ya kwanza ya Jim Marshall, iliyotoka katika duka lake la Hanwell mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilifuata kwa karibu saketi ya Bassman, amplifaya ya Fender wa Marekani, kwa hiyo mchoro peke yake hautoshi kumtambua mtengenezaji, tazama transfoma, mpangilio wa nyaya na chasisi. Tena usiishie kwa Vox na Marshall. Kampuni ya Selmer ya Charing Cross Road, London, na Charlie Watkins, ambaye mashine yake ya mwangwi ya Copicat ilitoka mwaka 1958, waliuza vyombo vya bei nafuu zaidi, na ningevitafuta hivyo kwanza katika nchi ambayo bendi nyingi zilinunua kwa kuchanga.

Hata hivyo, nyaraka zako bora zina umri na zinapumua. Afrigo Band iliundwa mwaka 1975 na Moses Matovu na wenzake, na wapo wanamuziki waliopiga kabla ya hapo ambao bado wanaweza kukueleza ni chombo gani kilisimama jukwaani, nani alikimiliki, na kiliharibika vipi. Waendee sasa, vitabu vinaweza kungoja. Nenda na picha za amplifaya mbalimbali zilizochapishwa kwa ukubwa, kwa sababu mzee asiyekumbuka jina mara nyingi atakitambua kitambaa au vitasa. Lakini usimtajie jina kabla yeye hajasema, usije ukamlisha jibu. Omba ruhusa ya kurekodi, muulize kama jina lake litajwe, na ukimaliza kuandika umpelekee nakala ya maneno yake kabla hujaikabidhi nyingine maktaba.